Swichi za Juu ya Samadari

Kabla ya kwenda kufanyiwa mtihani, Himid alivua viatu, akapanda kitandani kwa mama yake na kuketi juu ya mito miwili. Shati lake jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi. Juu ya kichwa chake, kwenye paa la samadari, kitanda kile cha kale cha nguzo nne, ambapo zamani chandarua kilining'inizwa, palikuwa na karatasi zilizounganishwa kwa gundi, zimechapwa picha za swichi za ndege kwa ukubwa wake halisi. Alifumba macho.

Khawla, mdogo wake, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Injini ya kulia inakohoa," alisema.

Mkono wa Himid ulipanda bila ya kusita, ukaenda mwisho wa mstari upande wa kushoto, ukateremsha swichi mbili za karatasi.

"Pampu. Pampu."

"Umechungulia."

"Sikuchungulia. Bi Fundi, ndege yako hii nnaijua kuliko nitakavyomjua mke nitakayemwoa."

"Masikini mke huyo," sauti ya mama yao, Bi Bahiya, ilitoka jikoni. "Teremka kitandani kwangu. Sijapata kuona ndege yenye foronya."

Himid akacheka, akateremka, akavaa viatu vyake mlangoni. Alikwenda akipiga mluzi, na Khawla alimsikiliza mpaka mluzi ukapotea kwenye kichochoro cha Sokomuhogo. Kisha akabaki na kile kikombe, chai imepoa.

Ndege yenyewe kweli ilikuwa yake. Hakuwahi kuirusha wala hakuwa na haja hiyo. Hata kwenda Pemba alipendelea boti. Lakini aliporudi kutoka chuoni Dar es Salaam na diploma yake ya uchoraji wa majengo kwa kompyuta, na kazi ya majengo haikupatikana, alianza kuchora ndege kwa ajili ya programu ya kuigiza urukaji, ile ambayo mtu hukaa mbele ya kompyuta yake akaongoza ndege kama rubani. Programu huja na ndege zake chache. Watu wengine, popote walipo duniani, hutengeneza za nyongeza na kuzitia kwenye mtandao, na wanaozipenda huzichagua kwa makini kama bibi achaguavyo mchele. Ndege ya nyongeza iliyo nzuri haipungui hata msumari.

Khawla alikuwa amechagua ndege ya zamani ya injini mbili, aina iliyokwisha kutoweka karibu kila mahali. Moja ilikuwa bado inafanya kazi katika uwanja wa Unguja, ikipeleka abiria na vifurushi Pemba. Mzee mmoja wa Kifini, waliyejuana kwa mtandao tu, alishughulikia namna ndege inavyoruka: uzito wake, upepo, mafuta. Yeye Khawla alishughulikia kila kinachoonekana. Mwaka wa pili sasa. Alikuwa amechora ufa wa kioo cha saa ya mwendo na doa la chai kwenye kiti cha rubani. Alichora rangi iliyobabuka pale vidole vya watu vilipozoea kushika. Kila alipomaliza kitu alikirudia, kisha akaamka usiku akidhani amekikosea, akenda kukitazama tena. Ijumaa ya wiki ile walikuwa wamekubaliana kuitoa.

Himid ndiye aliyeipa ndege ile maana nyengine. Alikuwa amerudi na leseni yake kutoka Afrika Kusini, amejifunza kwa ndege ndogo ya injini moja, na mwaka mzima alikuwa akivaa saa kubwa ya rubani na kwenda sokoni kununua samaki. Kampuni yenye ndege ile ya zamani ilipotaka rubani wa pili, saa za kufanyia mazoezi hewani zilikuwa ghali. Basi akajifunza kwa ndege ya dada yake. Miezi mitatu alikaa kwenye kompyuta ya Khawla mpaka mwenyewe akawa anafanya kazi kwa zamu, na kwa kuwa kompyuta haimfundishi mtu kunyoosha mkono, akaomba achapiwe karatasi za kubandika juu ya samadari.

Asubuhi ile Bi Bahiya alikuwa amepika boko boko la sadaka, uji mzito wa ngano na nyama, ili mwanawe afaulu. Ami yao, Mabrouk, alifika na fimbo yake akaketi sebuleni. Ami Mabrouk alikuwa fundi wa ndege ile ile kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa macho yake, hata baada ya kupasuliwa, yaliona vivuli tu.

"Keshaondoka rubani?"

"Keshaondoka, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti imekwenda chini? Anayefanya mtihani ni wewe au yeye?"

Bi Bahiya alikwisha panga mabakuli kwenye meza, yamefunikwa kawa zinazofanana.

"Khawla, chukua la kwanza mpelekee Bi Mize. Hilo sijalitia sukari, unajua maradhi yake. La pili la nyumba ya mkabala. La mwisho la msikitini."

Khawla akavaa buibui, akaliinua bakuli lililokuwa mwisho upande wa kushoto.

"We," alisema mama yake. "Unataka kumuua Bi Mize? Hilo lina sukari tele."

"Si umesema la kwanza?"

"La kwanza hili hapa, la kulia."

Ami Mabrouk akacheka. "Ndiyo watoto wa skuli hao, mwanzo wao kushoto. Sisi tumefundwa kila jambo la heri linaanzia kulia. Kula, kuvaa, kuingia msikitini, kuhesabu."

Khawla alilirudisha bakuli mezani polepole. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Ami," alisema. "Zile swichi za juu. Uliponihesabia."

"Eh."

"Ulianzia wapi?"

"Kulia," alisema Ami Mabrouk. "Kwani nianzie wapi?"

Ilikuwa sehemu pekee ambayo Khawla hakuipata kwa macho yake. Siku alipoomba ruhusa kwenda kupiga picha ndani ya ndege, mafundi walikusanyika kutazama msichana wa buibui aliyepiga magoti kwenye kiti cha rubani, na mmoja akauliza kama anapima pazia. Alifanya haraka. Picha za juu ya kichwa zilipotoka kusafishwa zilikuwa nyeupe, zimeungua kwa jua. Angeweza kuomba ruhusa tena. Aliona haya. Akenda badala yake kwa Ami Mabrouk, ambaye wakati ule alikuwa amelala na bandeji machoni, na Ami akamhesabia kwa vidole: ya kwanza pampu ya akiba ya injini moja, ya pili pampu ya akiba ya nyengine, kisha taa mbili, na za mwisho mbili ni za kufungia mafuta. Khawla akazichora kama alivyosikia, ya kwanza kushoto.

Pampu zilikuwa kulia. Mahali alipozichora pampu, ndege ya kweli ilikuwa na swichi za kufungia mafuta, na zote huteremshwa kwa namna moja. Akiziteremsha hewani, injini zote mbili zingezimika.

"Ataona," alisema Ami, naye sasa sauti yake imebadilika. "Zina maandishi. Yamefifia, lakini yapo."

"Hatazami juu, Ami. Anajivunia hatazami."

"Basi ataona wakati wa kuwasha injini."

"Ulisema mwenyewe fundi huziweka sawa kabla marubani hawajapanda. Ulisema hewani hazigusiwi mpaka injini ikohoe."

Ami Mabrouk alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Alijua, na Khawla alijua, kwamba hakuna mkaguzi anayempitisha rubani wa injini mbili bila ya kumpunguzia moja akaona atafanya nini. Na wangefanyia juu ya mkondo, kati ya Tumbatu na Pemba, pasipo na nyumba za watu.

Simu ya Himid ilikuwa imezimwa. Simu ya ofisi ya kampuni ililia kama inayotumika, mara ya kwanza na mara ya pili. Khawla hakungoja ya tatu. Alitoka na ushungi haujakaa vizuri, akakimbia, kitu ambacho hakukifanya katika mitaa ile tangu utoto, mpaka Mnazi Mmoja ambako jirani yao Borafya alikuwa akiosha teksi yake.

"Uwanja wa ndege, tafadhali. Haraka."

"Unasafiri bila ya mzigo? Umetoroka na nani?" Kisha Borafya akamwona uso, akamwaga maji ya ndoo chini na kuingia garini.

Njia ya Kilimani ilikuwa na lori la mchanga ambalo halikutaka kupitwa. Khawla alikaa nyuma, mikono imebana magoti, akimwona kwa mawazo Himid amefumba macho. Si kwamba atafumba. Lakini ataangalia mbele, kwenye bahari, na mkono utapanda wenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni na kusema inakohoa, na mkono ulipokwenda kushoto akasema vizuri. Alikuwa amesema vizuri kila siku.

"Unasoma nini?" Borafya aliuliza kwenye kioo.

Hakujua kama midomo yake ilikuwa ikisogea.

Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja chenye mizani ya mizigo, meza na redio. Karani wake, Abdulwahid, alimkumbuka.

"Karibu, bi mpiga picha. Leo kamera umeiacha?"

"Himid."

"Sikusikii."

"Himid keshaondoka?"

"Wamesharuka. Sasa hivi wanakaribia Tumbatu. Kaa, watarudi. Chai?"

Khawla akamweleza. Alieleza vibaya, akaanzia kwenye mabakuli ya boko boko, akarudi nyuma, akasema kushoto alipotaka kusema kulia. Abdulwahid alisikiliza, tabasamu likimtoka kidogo kidogo usoni. Akatazama redio.

"Unajua anayemkagua ni Kapteni Jaku. Yuko kwenye masafa haya haya. Nikisema kitu, na yeye anasikia."

"Nnajua."

"Na kuna kijana wa bara anangoja nafasi ile ile. Akisikia Himid kafundishwa kinyume, kazi imekwenda." Alishusha sauti, kwani abiria mmoja alikuwa ameketi pembeni na furushi lake. "Pengine ataangalia juu. Maandishi yapo. Pengine atafaulu, arudi, umwambie pole pole nyumbani, iwe siri yenu. Umelifikiria hilo?"

Alilifikiria. Lilimjia likiwa zuri kabisa: Himid anapanda ngazi za nyumba anapiga mluzi, mama anapiga vigelegele, yeye anamvuta pembeni. Lilikuwa karibu sana. Ilibidi tu asifanye kitu, na kutofanya kitu ndiko alikokuweza siku zote.

"Waite," alisema.

Abdulwahid alisogeza kipaza sauti upande wake wa meza. "Sema mwenyewe. Mie swichi hizo sizijui, nikikosea neno moja itakuwaje? Bonyeza hapa, sema, kisha achia."

Alisema. Hakikutoka kitu, kwa sababu hakubonyeza. Yule abiria alikuwa akimtazama. Khawla alikandamiza kitufe kwa kidole mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Himid, ni mimi Khawla. Swichi za juu nimezichora kinyume. Pampu ziko kulia. Zilizo kushoto zinafunga mafuta. Usiguse kushoto. Anzia kulia."

Akaachia. Redio ikavuma tu. Aliutazama ukuta, palipokuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya maua, na alijua kwamba ataikumbuka kalenda ile maisha yake yote kwa namna moja au nyengine. Redio ikavuma. Abdulwahid alikuwa ameacha hata kupumua kwa sauti.

"Tumesikia," sauti nzito ikasema. "Tunarudi."

Haikuwezekana kujua kama ni sauti ya hasira. Khawla aliketi kwenye mizani ya mizigo bila ya kutambua ameketi wapi, na mshale ukapanda.

Walitua vizuri. Ndege ilipofika mbele ya jengo, injini zikazimwa moja baada ya nyengine, lakini Himid hakuteremka. Aliyeteremka ni Kapteni Jaku, Mtumbatu mnene, mwenye mwendo wa taratibu, akamwita Khawla kwa mkono. Khawla aliikaribia ndege ile kwa mara ya pili maishani. Joto lake na harufu ya mafuta havikuwemo katika ile aliyoitengeneza.

"Wewe ndiye mwenye ndege ya kompyuta?"

"Naam."

"Panda uone."

Alipanda, akainama nyuma ya kiti. Himid hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho na kola ya lile shati jeupe ilikuwa imelala. Juu ya kichwa chake swichi sita zilikuwa katika mstari, maandishi yake yamefifia lakini yanasomeka kwa mwenye kutazama. Pampu, pampu, kulia kabisa.

"Haya, Himid," Kapteni alisema kutoka mlangoni. "Umeshasikia aliyosema dada yako. Umeyafahamu?"

"Nimeyafahamu."

"Fumba macho."

Akafumba.

"Injini ya kulia inakohoa. Haraka. Haraka, tunaanguka."

Mkono wa Himid ukapanda. Ulikwenda kushoto, ukateremsha swichi mbili, na zilitoa mlio mdogo, tak, tak, ambao za karatasi hazikuwa nao.

Himid alifumbua macho, akainua uso, akaangalia vidole vyake mwenyewe vilivyokuwa bado juu ya swichi.

"Ulipoita, nilikuwa nishike ule mpini wa nguvu za injini, nipunguze moja," Kapteni Jaku alisema. "Mkono wangu ulikuwa hapo hapo." Alijifuta uso kwa leso. "Simfelishi mtu kwa jambo kama hili, na kumpasisha siwezi. Mkono uliofundishwa ufundishwe upya, kisha aje. Lakini nafasi siwezi kumshikia. Kampuni haingoji."

"Naam, Kapteni," alisema Himid.

Katika teksi ya Borafya Himid alikaa mbele, Khawla nyuma. Walipita Mazizini, walipita Kilimani. Lori la mchanga lilikuwa sasa linarudi tupu.

"Ungengoja nikatua," Himid alisema, uso wake umeelekea dirishani.

"Nilitaka utue," alisema Khawla.

Nyumbani Bi Mize alikuwa amekuja kurudisha bakuli na kusikia habari. Himid akamwamkia, akapita, akapanda mpaka juu kwenye paa la nyumba. Bi Bahiya alimtazama binti yake, akamtazama shemeji yake, akaenda jikoni bila ya kuuliza. Ami Mabrouk ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Yuko salama?"

"Yuko salama. Kazi hakupata."

"Mimi nilikuhesabia na macho yangu yamefungwa," Ami alisema. "Hata sikufikiri kuna mwanzo mwengine."

Mchana Khawla alikwenda kwenye duka la intaneti la Shangani, akamwandikia yule mzee wa Kifini kwamba ndege haitatoka Ijumaa. Alisita kama amweleze yote. Aliandika tu kwamba swichi za juu si sahihi, na kwamba hawezi kujua ni nani atakayejifunza kwazo. Kisha akarudi, akageuza mstari wote kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuamini hata alichokiona. Alikwenda kutazama nati, taa, doa la chai. Vyote vilionekana kama vitu alivyoambiwa.

Alasiri alipanda kitandani kwa mama yake na kuanza kubandua karatasi za zamani. Gundi ilitoka na rangi ya mti. Aliposikia hatua ngazini alifikiri ni mama yake anakuja kulalamika.

Himid alisimama mlangoni, palepale ambapo yeye husimama. Alikuwa amebadilisha shati.

"Mpya umeshachapa?"

"Nimechapa. Sijabandika."

"Usibandike mpaka Ami aje aiguse."

Ami Mabrouk alipandishwa kitandani kwa kushikwa huku na huku, miguu yake ikizama kwenye godoro, na Bi Bahiya chini akisema kwamba samadari ile aliletewa bibi yake kwa ajili ya harusi na si kwa ajili ya mafundi. Khawla aliishikilia karatasi juu. Mzee alipitisha vidole vyake kwenye kitu ambacho kilikuwa laini kote na asichoweza kukiona, kutoka kulia kwenda kushoto, akitaja kila jina, na Khawla akiangalia kila jina likianguka mahali pake.

"Ndivyo," alisema Ami.

"Hakika?"

"Hakika, mwanangu. Lakini kesho nenda ukaitazame mwenyewe."

"Nitakwenda," alisema Khawla. Aliwaza wale mafundi na pazia lao. "Nitakwenda asubuhi."

Ami alipokwisha teremshwa na karatasi kubandikwa, Himid aliketi juu ya mito. Alifumba macho. Khawla alirudi mlangoni, na ilimchukua muda kusema, kwa sababu alijua mkono utakwenda wapi.

"Injini ya kulia inakohoa."

Ulikwenda kushoto. Ukagusa karatasi, ukasimama, ukarudi katikati na kubaki hapo hewani.

"Kulia," alisema Khawla.

"Usiniambie," alisema Himid, macho bado amefumba. "Tena."